Ukimya wa Mume Si Fumbo la Mke



Kuna mafundisho yanayopita kutoka simu hadi simu, na kutoka kikao cha shangazi hadi kikao cha marafiki wa bibi arusi. Yanasema kwamba mke mwerevu hutambua mapema siku mume wake anapokosa furaha katika ndoa. Kisha hutolewa orodha. Mume anachelewa kurudi. Anaacha bukari nusu sahani. Anajibu kwa neno moja. Usiku anageukia ukuta. Simu yake anailaza kifudifudi. Hacheki tena na watoto. Baada ya orodha huja dawa: mke apike vizuri zaidi, avae vizuri zaidi, apunguze maneno, asiulize mambo ya pesa, na asubiri. Akifanya yote hayo na mume bado amenuna, basi kosa ni lake, maana hakufanya vya kutosha.

Sisi tunaopewa na Kanisa kazi ya kuwaandaa wachumba hatuwezi kuendelea kuyasikia hayo na kukaa kimya. Mafundisho hayo yanamfanya mke kuwa mpelelezi katika nyumba yake mwenyewe, na yanamfanya mume kuwa mtoto mchanga, ambaye hulia tu, na mama akisie kama ni njaa au ni tumbo. Ndoa ni agano la watu wazima wawili. Tunachotaka kuwaambia leo ni kifupi. Mume asiye na furaha ana wajibu wa kusema. Mke anayeona ukimya ana haki ya kuuliza na wajibu wa kusikiliza. Wala hakuna kati yao aliyeapa mbele ya altare kwamba ataishi kwa kubahatisha.

Uso mmoja, sababu nyingi

Hatusemi kwamba dalili ni uongo. Mwanaume mwenye huzuni huonekana, hata akijificha nyuma ya ukali au nyuma ya kicheko. Kosa la orodha ni kudai kwamba kila dalili ina chanzo kimoja, yaani ndoa, na kwamba ndani ya ndoa chanzo ni mke.

Tazameni jambo mnalolijua nyote. Mtoto akipata joto usiku, wengi wetu husema mara moja: malaria. Mara nyingi huwa kweli. Lakini homa ya matumbo nayo huleta joto, na ugonjwa wa mapafu pia. Kwa hiyo muuguzi anayejua kazi yake hutoboa kidole kwanza, apime damu, ndipo atoe dawa. Anayempa kila mwenye joto dawa ya malaria atawaponya wengine, na wengine watazikwa huku wakiwa wamemeza dawa isiyo yao.

Ndivyo ilivyo kwa mume anayenyamaza. Huenda ana deni ambalo mkewe halijui. Huenda mkubwa wake kazini amemdhalilisha mbele ya vijana. Huenda anaumwa na anaogopa kusikia jina la ugonjwa. Huenda mama yake mzazi anamlaumu kila Jumapili. Huenda mahari haijaisha, na kila sherehe ya ukweni humkumbusha. Huenda miaka inapita bila mtoto, watu wote wanamtazama mke, naye usiku anajiuliza kama si yeye mwenye tatizo. Huenda anaficha dhambi, na anaukwepa uso wa mkewe kwa sababu dhamiri yake mwenyewe inamsuta. Na huenda kweli mke wake anamtesa: kwa dharau, kwa maneno ya kukata, kwa kumlinganisha na shemeji mwenye gari. Hilo nalo lipo, wala hatutaki kulifunika. Mwanaume anaweza kuonewa nyumbani mwake, na anayemcheka mwanaume huyo anatenda dhambi.

Hizo ni sababu nane, na zote zina uso mmoja. Hakuna mke duniani, hata akiwa na macho ya tai, anayeweza kuutazama ukuta wa mgongo wa mumewe na kusoma humo ni ipi kati ya hizo nane. Atajua akiambiwa.

Mbuzi wa Ana

Wengi wenu mnakifahamu Kitabu cha Tobiti kwa sababu ya sala ya Tobia na Sara usiku wa arusi yao. Somo hilo husikika mara nyingi katika misa za ndoa. Wachache wanaisoma sura ya pili, ambamo kuna ndoa nyingine: ile ya wazazi wa Tobia, yaani Tobiti na Ana. Someni sura hiyo katika vikundi vyenu kabla hamjasoma orodha yoyote ya dalili.

Tobiti alikuwa mtu mwema aliyehamishwa kwa nguvu hadi Ninawi. Aliwalisha wenye njaa, na aliwazika wafu wa taifa lake hata jambo hilo lilipomhatarishia maisha. Kisha akapofuka. Alikuwa amelala uani kando ya ukuta, mavi ya ndege yakamwangukia machoni, na waganga hawakumsaidia. Mkewe Ana akaanza kufanya kazi ya kufuma kwa malipo. Siku moja waliomwajiri walimlipa ujira wake, na juu ya ujira wakamwongezea mwana-mbuzi. Mbuzi alipolia nyumbani, Tobiti akauliza ametoka wapi. Ana akaeleza kwamba ni zawadi. Mumewe hakuamini. Alimshuku kwamba ameiba, akamwamuru amrudishe mbuzi kwa wenyewe, akaona haya kwa ajili yake. Ana naye akamjibu kwa uchungu, akimwuliza ziko wapi sasa sadaka zake na matendo yake mema. Tobiti akahuzunika, akalia, akasali, akamwomba Mungu amwondoe duniani.

Tuiweke sasa orodha juu ya nyumba hiyo. Mume anafoka. Mume anashuku. Mume anagombana juu ya kitu kidogo kilicholetwa na mke. Orodha ingetoa hukumu mara moja: mke hamridhishi mumewe, na ajirekebishe. Lakini Ana hakukosa lolote. Alifanya kazi, akalipwa, akaleta chakula nyumbani. Tena Tobiti hakuwa na huzuni ya mbuzi. Alikuwa na huzuni ya mtu aliyezoea kuwalisha wengine na sasa analishwa, tena na mkono wa mke wake. Aibu hiyo hakuweza kuitaja, basi akamtaja mbuzi.

Nyumba zetu nyingi zina mbuzi wa namna hiyo. Hapa ni chumvi iliyozidi, pale ni simu iliyochelewa kupokelewa, kwingine ni mlango uliofungwa kwa kishindo. Majirani husikia ugomvi wa chumvi na hucheka. Anayejua Tobiti huuliza: je, mwenzetu huyu amepoteza nini ambacho hawezi kukitaja?

Kuna jambo la pili katika sura hizo. Tobiti alimweleza Mungu yote ambayo hakumweleza Ana. Sala yake ni ya kweli na Mungu aliisikia. Lakini Ana, aliyekuwa hatua chache kutoka kwake, alibaki na lile neno la mwisho la ugomvi. Mume anayelia mbele ya tabernakulo na kunyamaza mezani amefanya nusu ya kazi. Nusu ya pili inamngoja nyumbani.

Mtu na posho yake

Mtu atasema: hayo ni ya Ninawi, nasi tuko Katanga. Vema, tuje Katanga.

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 ilitaka mfanyakazi akae kambini pamoja na mke na watoto, asiwe mtu wa kuja na kuondoka. Ikajenga nyumba, hospitali na shule, ikagawa posho. Serikali ilipoitwaa kampuni mwaka 1967, na baadaye ikaitwa Gécamines, desturi hiyo iliendelea. Katika kambi hizo mume alijulikana kwa jambo moja kabla ya mengine yote: ndiye ambaye posho ilitoka kwa jina lake. Heshima yake mbele ya mke, wakwe na watoto ilikaa ndani ya mfuko wa unga.

Ndipo mfuko ukapasuka. Shaba, iliyozidi tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, haikufika tani 50,000 mwaka 1994. Watu walifanya kazi miezi mingi bila mshahara. Kisha, mwaka 2003 na 2004, ukaja mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipokea malipo ya mwisho na kuondoka katika kampuni. Katika Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, wanawake ndio waliozisimamisha nyumba nyingi. Walilima nje ya mji, wakauza makala, unga, samaki wakavu na vitumbua. Waume wengi walibaki uani, wamevaa bado shati la kazi.

Sisi wenye miaka 50 na zaidi tuliwaona wanaume hao. Wengine walishika jembe pamoja na wake zao, na nyumba hizo zipo hadi leo. Wengine walikaa wakingoja kampuni iwaite tena. Wengine waliamka na lutuku na kulala na lutuku, na kila faranga ya mke ikawa sababu ya ugomvi. Mtaa ulisema nini? Ulisema: mke wake anajivuna kwa sababu ana pesa. Mbuzi wa Ana alilia katika kambi nzima, na watu wakamtafuta mwizi.

Hatuwasimulii hayo ili tuwadharau baba zetu. Waliumizwa, na hakuna aliyewauliza. Tunawasimulia ili mwone chanzo cha ukimya. Mtu aliyefundishwa kwamba yeye ni posho yake, siku posho inapokatika hana neno la kusema, kwa sababu kwa maoni yake mwenyewe hayupo tena. Hawezi kusema "nina huzuni". Anaweza tu kupiga kelele juu ya mbuzi.

Na je, ninyi mnafundishana nini leo? Mvulana anayechimba kwa mikono, anayeendesha pikipiki, au anayefundisha darasani huku akingoja jina lake liingie kwenye orodha ya malipo ya serikali, anaambiwa na rafiki zake kwamba bila pesa yeye si mwanaume. Msichana anaambiwa na rafiki zake aangalie kwanza mfuko. Mnajenga kambi ileile kwa mikono yenu, hata bila kampuni. Halafu baada ya arusi mtatafuta dalili.

"Mwanaume wa Kiafrika hafungui moyo"

Hili ndilo pingamizi tunalolisikia mara nyingi, hata kutoka kwa wazee wenye busara. Wanasema kwamba kuongea mambo ya moyoni ni desturi ya Wazungu, na kwamba mwanaume wetu hunyamaza tangu zamani. Tunajibu kwamba si kweli, na ushahidi uko hapa hapa Katanga.

Katika miaka ya 1950, huko Kolwezi, Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliyekuwa ametoa kitabu juu ya falsafa ya Kibantu mwaka 1945, alianza kukutana na wafanyakazi wa migodi na wake zao. Humo ukazaliwa mwendo wa Jamaa. Vyama vingi vya Kanisa siku hizo viliwaweka wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine. Katika Jamaa, mume na mke waliingia pamoja. Mafundisho yalitolewa kwa Kiswahili, na maneno makuu yalikuwa matatu: uzima, uzazi na mapendo. Mume na mke walitakiwa kufunuliana mawazo yao nyumbani kabla ya kusimama kuwafundisha wengine. Mabishano na mafarakano yaliyokuja baadaye hayatuhusu hapa. Linalotuhusu ni kwamba watu hao walikuwa wanaume wa shimo na wa tanuru. Hawakuwa wanafunzi waliorudi kutoka Ulaya. Walirudi kutoka kazini na vumbi, wakaketi na wake zao, wakasema yaliyo moyoni kwa lugha hii hii tunayowaandikia.

Hata kabla ya Jamaa, wazee wetu hawakumwacha mume peke yake. Alikuwa na mjomba, alikuwa na ndugu ya baba yake, alikuwa na watu wa rika lake, na mbele yao aliweza kusema: nyumba yangu inanilemea. Ukimya tunaouita desturi ni mdogo kwa umri kuliko tunavyodhani. Kwa sehemu kubwa umekua mjini, pale mjomba alipobaki kijijini na baa ikachukua nafasi yake.

Papa Fransisko, katika wosia wake *Amoris laetitia* wa mwaka 2016, aliwaeleza watu wa ndoa kwamba mazungumzo ni kazi ya kujifunza, inayodai muda na kusikiliza kabla ya kujibu. Aliandika pia kwamba kila ndoa hupitia nyakati ngumu, na kwamba nyakati hizo hazina budi kukabiliwa pamoja. Ikiwa ni kazi ya kujifunza, basi ina siku zake za kujifunza, na siku hizo ni ujana. Mvulana asiyeweza kumwambia rafiki yake "umeniumiza" hatapewa maneno hayo pamoja na pete.

Huzuni si ruhusa

Sasa tugeukie upande wa pili, maana kuna mume ambaye akisoma hadi hapa atafurahi kupita kiasi. Atasema: mmeona? Nina huzuni, basi nivumiliwe.

Msomeeni huyo sura ya 21 ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Mfalme Ahabu alilitamani shamba la mizabibu la Nabothi, jirani yake. Nabothi akakataa kuuza urithi wa baba zake. Ahabu akaenda nyumbani amenuna, akajilaza kitandani, akageuza uso, akakataa kula. Mkewe Yezebeli akazitambua dalili zote. Aliuliza, akajibiwa, akaahidi kumpatia alichotaka. Mwisho wake, mashahidi wa uongo walisimamishwa, Nabothi akapigwa mawe hadi kufa, na Ahabu akashuka kulichukua shamba.

Kwa kipimo cha orodha, Yezebeli ni mke bora. Alitambua mapema, akampa mumewe alichokosa, na uso wa mume ukang'aa. Ni Nabothi tu aliyekosekana. Basi kuitambua huzuni ya mume hakutoshi. Inabidi kuuliza pia: huzuni hii ni ya kidonda, au ni ya tamaa iliyozuiwa? Tobiti alikuwa na kidonda. Ahabu alikuwa na ikulu, na akanuna kwa sababu mtu mmoja alithubutu kumwambia hapana.

Tunao akina Ahabu wengi. Yupo anayenuna kwa sababu mkewe ameanza kusoma jioni. Yupo anayenuna kwa sababu mkewe ana mfuko wake katika kikundi cha akiba. Yupo anayelalamika kwamba sheria imeharibu ndoa. Sheria ya Familia ya nchi yetu ni ya tarehe 1 Agosti 1987, nayo ilirekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Marekebisho hayo yalimwacha mume kuwa kiongozi wa nyumba, lakini yaliondoa lile sharti la mke kuomba idhini ya mume kabla ya kutenda mbele ya sheria. Mume anayeona huzuni kwa sababu mtu mzima mwenzake haombi tena ruhusa hana kidonda cha kufungwa. Ana kishawishi cha kupingwa, na anayempenda atampinga.

Vilevile hatukubali kwamba huzuni inafungua mlango wa biro ya pili. Mtaani husemwa kwamba mwanaume akitafuta mwanamke wa nje, ni kwa kuwa nyumbani alikosa amani. Wanaosema hivyo wawatazame watoto wa nyumba zote mbili wakigawana sahani moja ya amani hiyo. Mume mwenye njaa ya kusikilizwa ambaye hajawahi kumwambia mkewe neno moja la ukweli, halafu anamweleza yote mwanamke wa baa, hakukosa msikilizaji. Alikosa ujasiri.

Na kuhusu ngumi tunasema waziwazi. Mke anayepigwa hana wajibu wa kukaa na kuchunguza huzuni ya anayempiga. Wajibu wake wa kwanza ni uhai wake na wa watoto wake. Aondoke aende mahali penye usalama, na jumuiya yake impokee bila kumwuliza kwanza alikosa nini. Huzuni ya mume itashughulikiwa na watu wengine, wakati mikono yake imetulia.

Kila mmoja na sehemu yake

Kwenu ninyi wavulana. Anzeni sasa kuyapa majina mambo yanayowapata. "Nimeona haya." "Naogopa." "Nina deni." Hayo ni maneno mafupi, na mwanaume hapungui akiyasema. Mkiwa wachumba, mwambieni mchumba wenu ukweli juu ya mapato yenu, hata yakiwa faranga chache. Ndoa inayoanza na mshahara wa uongo itaendelea na ukimya wa kuulinda uongo huo. Tafuteni pia mwanaume mmoja mwenye ndoa nzuri, baba wa ubatizo au mzee wa jumuiya, ambaye mtaweza kumwendea siku nyumba itakapowalemea.

Kwenu ninyi wasichana. Mkiambiwa kwamba furaha ya mume ni kazi yenu, jibuni kwamba upendo ni kazi yenu, na furaha yake ni kati yake, nanyi, na Mungu. Mkiona ukimya, ulizeni, tena ulizeni mapema, kwa sauti ya upole, mahali ambapo watoto na wakwe hawasikii. Swali zuri ni jepesi: "Naona umebeba kitu. Ni nini?" Akijibu, msikilizeni mpaka mwisho, hata kama jibu lenyewe linawahusu ninyi na linauma. Hapo ndipo wake wengi hushindwa: wanaomba ukweli, na ukifika wanaufanya silaha ya ugomvi unaofuata. Mume aliyefungua moyo mara moja na kuchekwa mbele ya shemeji hataufungua mara ya pili. Asipojibu leo, mwacheni, mwulizeni tena baada ya siku chache. Akikataa miezi na miezi, mchukueni shahidi wa ndoa yenu au padri. Hamkuapa kuongea na ukuta.

Kwetu sisi wazee, makatekista na viongozi wa jumuiya. Tukome kumwita mke peke yake ofisini kila nyumba inapowaka. Tumwite mume, tumpe kiti, tumwulize: wewe je, unaendeleaje? Wengi hawajaulizwa swali hilo tangu siku ya arusi.

Na kwetu sote. Tobiti aliomba kufa. Mwanaume akianza kusema kwamba afadhali asingekuwepo, kwamba watoto wangeishi vizuri zaidi bila yeye, au akianza kugawa vitu vyake na kuaga bila safari, msiseme kwamba ni pombe inayoongea. Msimwache peke yake usiku huo. Mwiteni ndugu yake, mwiteni padri, mpelekeni kwa muuguzi au daktari. Neno la namna hiyo halihitaji kufasiriwa. Ni ombi la msaada, na linasikika mara chache.

Kitabu cha Tobiti hakiishii kwenye ugomvi wa mbuzi. Mungu alimtuma malaika Rafaeli, lakini malaika huyo alitembea na kijana. Tobia, mwana wa nyumba ile ile yenye ukimya, alikwenda safari ndefu, akarudi na nyongo ya samaki, akampaka baba yake machoni, na baba akaona. Kabla ya kuona kitu kingine, alimwona mwanawe. Ndugu vijana, tunawaandikia ninyi kwa sababu hiyo. Nyumba zilizonyamaza za baba zenu zinangoja mtu arudi na dawa, na dawa hiyo ni kizazi cha waume wanaosema na wake wanaouliza.

Kwa mazungumzo katika kikundi

1. Someni Tobiti sura ya 2 na mwanzo wa sura ya 3. Ni neno gani Tobiti angeweza kumwambia Ana badala ya kumshuku? Liandikeni.
2. Katika mtaa wenu, mume asiye na kazi huitwa majina gani? Nani huanza kuyatumia majina hayo?
3. Linganisheni huzuni ya Tobiti na ya Ahabu. Mtatofautishaje kidonda na tamaa iliyozuiwa kwa mtu mnayempenda?
4. Kila mvulana amtaje kimoyomoyo mwanaume mmoja anayeweza kumwendea akilemewa. Ambaye hana, aseme, na kikundi kimsaidie kumpata kabla ya mkutano ujao.